Mashindano ya Kupanda

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na milango ya kubishia hodi na mikeka ya kupokelea wageni, palikuwa na bonde lenye udongo mweusi, chini ya kilima kirefu cha mawe. Katika pango la kilima hicho aliishi Bi Pimbi na watoto wake. Alikuwa mdogo wa kiwiliwili, mwepesi wa miguu na mkali wa ulimi, na ufundi wake ulikuwa kuchora. Kwa mkaa na udongo mwekundu alichora juu ya ukuta wa jiwe, na viumbe alivyovichora ungedhani vitapumua.

Siku hizo njema alichora mambo ya wote: harusi, watoto mtoni, wazee wakizunguka sinia moja. Masika yakikaribia, bonde zima lilitoka kulima kwa ujima, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Ndovu alipasua ardhi, Kifaru akavunja mabonge, Nyati akaburura magogo, na wadogo wakafuata nyuma na mbegu. Hapakuwa na aliyeuliza nani amelima zaidi. Walikula, wakamshukuru Mola, wakalala.

Kisha yakaingia bondeni maradhi ya kutaka kuwa juu. Majirani waliokuwa wakisalimiana, "Habari za nyumbani?" wakaanza kuulizana, "Umefika wapi, mwenzetu?" Na asiyekuwa na mahali pa kusema amefika, aliinamisha uso kana kwamba ameiba.

Ndovu akatupa jembe, akataka aitwe Mheshimiwa. Kifaru akahamia kilimani. Nyati naye akahamia juu zaidi ya Kifaru, mahali ambapo hata maji ya kunywa hayakupatikana, akakaa huko na kiu yake na fahari yake. Na wote walimwendea Bi Pimbi.

"Nichore nimesimama kileleni!" alisema Nyati.

"Kileleni hujafika, jirani."

"Wewe chora tu. Nitafika."

Kesho yake akaja Kifaru, anahema, hah! hah! "Mtani, mbona umeniweka chini ya kwato za Nyati? Nisogeze juu!"

Ukuta ukajaa vigogo waliosimama vileleni. Mashamba yakajaa magugu. Msimu mzima ukapita bila jembe kugusa ardhi, na ghala za bonde zikabaki na vumbi.

Asubuhi moja kitindamimba wa Bi Pimbi alichungulia chungu. "Mama, leo tena uji wa pumba?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na pumba zikiisha?"

Bi Pimbi alifunika chungu. Alitazama kihenge cha mtama wa mbegu, akiba ya mwisho ya bonde lote, aliyokabidhiwa kuitunza. Wakiila, basi. Wasipoipanda kabla ya mvua, basi vilevile. Mawingu yalikwisha kutanda, nayo ardhi ilikuwa ngumu kama kigae. Vidole vyake vidogo visingeweza kuipasua. Alifumba macho, akamwona marehemu mama yake akitembea nyuma ya Ndovu katika mfereji mbichi, akidondosha mbegu, huku Ndovu akigeuka kila mara kumuuliza kama amechoka. Akajifunga kanga, akatoka.

"Hodi!"

"Nani?" Ndovu aliuliza kutoka ndani.

"Pimbi."

"Pimbi yupi?"

"Lahaula! Tumekula sinia moja tangu utoto, leo waniuliza Pimbi yupi? Nimekuja kukuomba tukalime, Mheshimiwa. Mvua i karibu."

"Mimi nishike jembe? Si watasema nimeshuka!" Na mlango ukafungwa, pu!

Akapanda kwa mtani wake Kifaru. "Mtani, pua yote hiyo hainusi njaa inayokuja?"

"Potelea mbali, mtani! Njaa ni ya walio chini. Mimi si wa kuinama, mimi ni wa kupanda!"

Bi Pimbi akatega sikio. "Umesema wewe ni wa nini?"

"Wa kupanda! Kupanda, kupanda, kila siku kupanda!"

"Basi Mola akuzidishie," akasema Bi Pimbi kwa adabu kubwa, akateremka mbio huku amejiziba mdomo.

Jua lilipochomoza alisimama juu ya jiwe akagonga kwa jiwe jingine, ko! ko! ko!

"Sikieni, waheshimiwa! Ukuta wangu umebakiwa na nafasi moja, pana, katikati kabisa. Kesho alfajiri yatakuwapo mashindano ya kupanda. Atakayepanda kuliko wenzake, huyo ndiye nitakayemchora hapo. Anayeingia na aape mbele ya wote."

Wakasukumana kuapa. "Naapa kwa kaburi la babu yangu, nitapanda!" akanguruma Ndovu. "Nami nitapanda hata niwazidi!" akasema Nyati. Kifaru akaapa mara mbili, asije akahesabiwa nyuma.

Alfajiri walifika na kamba mabegani, wamejipaka mafuta, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Bi Pimbi akawaongoza, lakini si kuelekea kilimani. Aliwapeleka mpaka katikati ya bonde, akavuta kihenge, kroo, kroo, akakifunua.

"Kilima kiko kule," akasema Nyati.

"Kilima cha nini?"

"Cha kupanda!"

"Subhana! Nani hupanda mtama juu ya mawe?"

Wakatazamana, kamba mabegani.

"Mtama?" Ndovu akauliza polepole.

"Kwani mlidhani kupanda gani?"

"Mtani, umetuuza!" akafoka Kifaru.

"Nimekuuza mimi? Si wewe uliyesema u wa kupanda, kila siku kupanda? Vigelegele nilikuwa nikupigie leo!"

Ndovu akageuka. "Mimi narudi nyumbani."

"Nenda salama, Mheshimiwa. Umeapa kwa kaburi la babu, lakini nenda. Nyati atachorwa."

Ndovu akatazama nyuma. Kumbe Nyati amekwisha kuinama! Puu! kwato ardhini. Kifaru alipoona hivyo akashusha pembe, gubu! Ndovu akatupa kamba, akachomeka pembe zake, na udongo ukafumuka, tifu! tifu!

Walilima kwa hasira, kila mmoja mstari wake, asimsemeshe mwenziwe. Bi Pimbi na watoto walifuata nyuma na mbegu. Jua lilipokaza, Nyati akaanza kuguna wimbo kooni bila kujijua. Ulikuwa wimbo wa kulimia, ule wa zamani. Kifaru akauitikia kabla ya kukumbuka kuwa amekasirika. Kisha sauti nzito ya Ndovu ikaingia chini yao, na bonde likatetemeka. Ndovu alimaliza mstari wake, akaona bonge gumu katika mstari wa Kifaru, akalivunja, akaendelea papo hapo. Halafu akageuka.

"Bi Pimbi, umechoka?"

Bi Pimbi alitikisa kichwa. Akachota mbegu nyingine, akaendelea.

Mbegu ya mwisho ilipoingia ardhini, radi ikapasuka na mvua ikamwagika, shaa! Mistari ikachanganyika, asijulikane nani alipanda wapi. Kila mmoja akadai kwamba ni yeye aliyeshinda, basi wakakimbilia pangoni, maji yakiwatiririka, wapate hukumu.

Bi Pimbi akachukua mkaa, akachora katika nafasi ile pana, wao wakisubiri kwa shauku. Alipomaliza akawapisha.

Wakaona shamba, na migongo mitatu imeinama, imejaa tope, haina nyuso.

"Mimi ni yupi?" akauliza Ndovu.

"Huyo aliyeinama."

"Wote wameinama!"

"Basi u mmoja wao."

Kifaru akautazama mchoro, akamtazama Ndovu mwenye tope mpaka masikioni, akapasuka kicheko, kwa kwa kwa! Nyati akaangua chake, na Ndovu, aliyejitahidi kununa, akashindwa, akacheka mpaka machozi.

Mtama ulichipua bonde zima. Baada ya siku chache mlango wa pango ukabishwa. Alikuwa Ndovu, peke yake, ameinamisha kichwa.

"Magugu yameanza," akasema. "Palizi nayo ina mashindano?"

"Haina."

"Picha je?"

"Wala picha. Ina magugu tu."

Ndovu akafikiri kidogo. "Niazime jembe," akasema, akateremka bondeni.

Nanyi wanangu, msimuulize jirani amefika wapi kabla hamjamuuliza kama amekula.