Nyumba ya Bi Kobe Kwenye Njia ya Kisimani

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa huko nyuma mbona siwasikii? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na miji yao, ulikuwapo mji mdogo uliokuwa ukiitwa Kichuguuni. Mji ukakua. Leo kaja Ngiri na wanawe, kesho kaja Sungura na wakwe zake, keshokutwa Nyani na ukoo mzima. Huyu anachimba, yule anaezeka. Ikabidi mji upangwe. Kazi akapewa Twiga, maana kwa shingo ile aliuona mji wote kutoka juu. Kilichokuwa miguuni pake, hicho hakukiona sana.

Twiga akapanga. Hapa pa kulala, pale pa kuuzia, kule pa kuchimba udongo. Na katikati njia ya kisimani, asijenge yeyote. Tena akasema kila nyumba iachiwe nafasi ya kupita, mbele na nyuma, ili mwenyewe afike majini bila kuruka ukuta wa jirani.

Sasa, humo mjini alikuwamo Nyegere. Mnamjua Nyegere? Mfupi, ngozi ngumu, kucha kama majembe, na aibu hana hata ya kuazima. Alikuwa amejenga sokoni usiku usiku, asubuhi wenzake wakakuta paa. Twiga alipotaka kuvunja, Nyegere akalia mbele ya mkutano, machozi chururu, akaomba sheria mpya. Nyumba yenye paa ikikutwa imesimama alfajiri, isivunjwe wala isihamishwe mpaka mwenyewe aridhie. Wanyama wadogo wakaona sheria hiyo itawalinda na wao. Wakanyoosha mikono. Ikapita.

Nyegere akaionja, akaiona tamu. Siku moja akaenda kwenye njia ya kisimani, pale inapobana kati ya miamba miwili, akaanza kuchimba msingi. Chaka, chaka, chaka! Kutoka mwamba huu mpaka mwamba ule. Wanyama wakaja, wakalalamika, wakamwita Twiga. Twiga akasema njia ni njia. Nyegere akamkumbusha kwamba usiku wa kesho ataezeka, na alfajiri paa likikutwa, sheria wanaijua.

"Mnaotaka maji, mlima ule pale," akasema bila kuinua kichwa. "Zungukeni."

Bi Kobe alikuwa bado yuko mbali huko mwanzo wa njia, kibuyu chake shingoni, na habari ikamfikia. Akautazama ule mlima. Kwa Sungura kuzunguka ni jasho tu. Kwa Bi Kobe ni siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, na maji yote yatakuwa yamemwagika njiani. Nyumbani aliacha watoto waliototolewa juzi, ndimi zimekauka. Moyo ukamwuma kweli kweli. Wenzake wakatawanyika, kila mtu na manung'uniko yake. Yeye akabaki akiwaza. Kisha akacheka peke yake, akaanza safari, akiimba. Nanyi itikieni:

Taratibu, taratibu,
nyumba yangu mgongoni.
Taratibu, taratibu,
nakwenda zangu njiani.

Akatembea. Akatembea. Jua likazama, akatembea. Akafika kwenye ule msingi, akateremka, akakaa katikati kabisa. Akaingiza miguu. Akaingiza kichwa. Akalala.

Alfajiri Nyegere akaja na miti begani. Wanyama nao walikuwa wamekuja kuiaga njia yao. Nyegere akatupa miti chini, puu! Akaona kitu katikati ya msingi wake, kina paa la duara na tundu kama mlango.

Mnajua, Nyegere alikuwa jeuri, lakini mama yake alimlea. Tangu utotoni alifundishwa mlangoni kwa mtu hupigi kelele, unabisha hodi. Mkono ukaenda wenyewe. Ko, ko, ko!

"Hodi."

Kimya.

Ko, ko, ko! "Hodi humu ndani."

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Kimya tu. Na mji ule wote ulijua, kama mnavyojua nyinyi, kwamba hodi ya tatu isipoitikiwa, mgeni anarudi alikotoka. Sungura akaanza kucheka. Ngiri akacheka. Nyegere akashtuka, akadai hii si nyumba, ni mnyama mvivu amelala shimoni mwake.

Twiga akatandaza miguu, huku na huku, akainama. Akainama mpaka pua ikagusa vumbi. Kwa mara ya kwanza akaona kilichoko chini.

"Umebisha hodi mara tatu," akasema. "Kwenye shimo mtu habishi hodi. Paa ninaliona. Mlango ninauona. Na kumekucha."

Hapo Bi Kobe akatoa kichwa, polepole.

"Karibuni," akasema. "Mtaniwia radhi, nilikuwa nimelala. Nyumba yangu imekutwa na alfajiri, na mimi kuhama sijaridhia. Sasa Bwana Twiga, nipimie nafasi yangu ya kupita, mbele na nyuma, mpaka majini."

Twiga akapima. Mbele ya Bi Kobe, njia. Nyuma yake, njia. Kati ya mwamba na mwamba hapakubaki pa Nyegere kusimamisha hata mti mmoja. Sheria ilikuwa yake mwenyewe, angeikataa vipi? Akafukia msingi kwa kucha zilezile. Chaka, chaka, chaka! Vigelegele vikapigwa mpaka ndege wakaruka. Siku hiyohiyo mkutano ukakaa, ile sheria ya paa la alfajiri ikaondolewa kwenye njia na sokoni, na Nyegere akahamishia nyumba yake pa kulala, kama wenzake.

Bi Kobe akajaza kibuyu. Watoto wakanywa, wakashiba maji, wakalala.

Jioni Nyegere akashikwa na kiu. Akaja njiani, akamkuta Bi Kobe amepumzika palepale. Akasimama.

"Hodi, Bi Kobe."

"Pita, mwanangu. Njia ni yako pia."

Basi nyie watoto, na nyie wakubwa mnaojifanya hamsikii: ukitunga sheria, itunge ukijua nawe utaishi chini yake. Na njia ya kila mtu usiigeuze kiwanja chako. Hadithi yangu nayo imefika kisimani, na imeishia hapo.