Wimbo wa Kumuaga Mbazi

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, maana redio zilikwishafika hata kwenye mashamba ya tangawizi, alikuwako bibi mmoja wa milimani, jina lake Namkunda. Kazi yake ilikuwa kuwaaga wafu. Kabla udongo haujamwagwa, husimama upande wa kichwani akaimba wimbo wa kuaga, na watu wote huwa kimya. Wimbo ule haujibiwi. Ukijibiwa umeharibika, na hauanzwi mara ya pili. Maiti hufukiwa hivyo hivyo, hajaagwa.

Mama humrithisha binti. Namkunda alikuwa na binti mmoja, Mbazi, naye alikuwa ameokoka.

"Mwanangu, njoo nikufundishe."

"Mama, mambo ya mizimu nimeyaacha."

Akamwita mara ya pili, jibu lile lile. Mara ya tatu Mbazi akafunga mlango. Lilimuuma Namkunda, likamuuma hasa.

Ndipo akaja Mwalimu Senzota, mstaafu, na daftari lake. Alikuwa akiandika kitabu cha namna watu wanavyowaaga wafu: Waislamu na dua zao, Wakristo na tenzi zao, watu wa mila na yao, na mwishoni sura ya nyimbo za dansi zinazookota maneno humo humo.

"Bibi, wenzako wote wamo kitabuni. Umebaki wewe. Utakufa na wimbo wako?"

Namkunda akamwimbia wimbo wote. Akamwambia, "Andika na hili: haujibiwi." Mwalimu akaandika kweli, chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo kama sisimizi.

Kitabu kikatoka, kikasifiwa, kikamfikia Kiondo, mwanamuziki wa mjini. Akauchukua wimbo, akautia ngoma, akautia kiitikio. Kiitikio, jamani! Ukapigwa harusini, ukapigwa kipaimara, ukapigwa vilabuni. Watoto wakaujua kabla hawajajua kuhesabu.

Kisha Mbazi akaugua. Alipoona hainuki tena, akamshika mama yake mkono.

"Mama, uniage kwa wimbo ule wa bibi yangu."

"Na wokovu wako?"

"Mungu ananijua. Nataka sauti yako."

Siku ya maziko mchungaji akaomba, akamaliza, akampisha mama. Namkunda akasimama upande wa kichwani, akaimba mstari wa kwanza. Na watu wakaitikia. Hawakukusudia. Walikuwa wakilia, kiitikio kikawatoka, na mabega yakacheza. Namkunda akanyamaza. Mbazi akafukiwa.

Matangani, Mwalimu na Kiondo nao wamekuja, mama akauliza mbele ya wote, "Nani kamnyima mwanangu kuagwa?"

Mwalimu akasema, "Bibi, mimi niliandika kila neno, hata katazo. Nisingeandika, ungekufa nawe. Kiitikio sikukitia mimi."

Kiondo akasema, "Mimi wimbo nimeutoa kitabuni, na kitabu kinauzwa sokoni. Vijana walikuwa hawataki hata kusikia mambo ya wazee, leo wanaujua wote. Nisamehe, Bibi, maji yameshamwagika. Lakini pale kaburini mdomo wangu niliufumba."

Waombolezaji wakasema, "Sisi kiitikio kilitutoka kwa majonzi. Tungejuaje? Nani siku hizi husoma chini ya ukurasa?"

Ndipo wifi yake Namkunda, mwanamke asiyejua kunong'ona, akasema, "Mama Mbazi, na wewe je? Wimbo wa nyumba yako ulimpa mgeni. Tena siku ile ulifungua mlango na madirisha. Uliimba Mwalimu aandike, au uliimba mwanao asikie huko jikoni kwamba umempata mrithi mwingine?"

Namkunda alikumbuka siku ile jinsi alivyopaza sauti, na jinsi sufuria za jikoni zilivyonyamaza ghafla.

"Na marehemu mwenyewe," mtu akaanza, "aliyefunga mlango..." Wakamkanya, hakumaliza.

Namkunda yu hai bado. Anaujua wimbo wote, kila mstari, na hana kaburi la kuuimbia. Wakizika, hakaribishwi tena. Na hata akikaribishwa, haendi.

Haya, ninyi mliokaa kitako mnanitazama. Wawili watatu mnaupiga mluzi chini chini tangu nilipomtaja Kiondo, nimewasikia. Acheni kidogo, mniambie: nani alimnyima Mbazi kuagwa?