Jina la Ghorofa ya Tano

Hapo zamani, na wala si zamani sana maana ndoo zilikuwa za plastiki, palikuwa na jengo refu lililosafishwa na watu wa wakala. Wakala huyo alikuwa mjanja, we acha tu! Daftarini aliandika majina machache ili kodi na bima zipungue. Waliobaki walideki bila kuandikwa popote.

Hidaya hakuandikwa. Miaka sita alisafisha ghorofa ya tano kwa jina la Bi Zuhura. Asubuhi msimamizi akiita, "Zuhura Mkopi!" Hidaya huitika, "Nipo!" Jioni akiita tena, Hidaya huitika, "Nipo!" Dawa za vyoo zikamharibu kifua, akawa anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Hospitali hakwenda, kwani kadi ya bima ilikuwa na picha ya Zuhura.

Bi Zuhura mwenyewe alikuwa nyumbani. Kabla ya Hidaya yeye ndiye aliyesafisha ghorofa ile, akateleza kwenye ngazi za jengo hilohilo, nyonga ikavunjika. Wakala akamwambia, "Nyamaza, mama. Jina lako nitaliacha daftarini, utatibiwa kwa kadi yako." Naye akanyamaza.

Siku moja akaja mkaguzi wa kazi. Kibwana, msafishaji wa ghorofa ya chini, ambaye hakuwa na jina daftarini, si lake wala la kuazima, akamweleza yote. Wakala akamfukuza Kibwana palepale.

Mkaguzi akapanda ghorofa ya tano. Akaita, "Hidaya!" Hidaya akaendelea kudeki. Akaita, "Hidaya Shemdoe!" Akaendelea kudeki. Jamani, jina alilopewa na mama yake! Mkaguzi akamgusa bega, naye akashtuka. "Nipo! Zuhura Mkopi!" Aliposikia alichokisema, akaketi juu ya ndoo akalia.

Mwenye jengo akaona aibu, akamtimua wakala. Akasema, "Sasa naajiri mwenyewe, kwa majina ya kweli na kadi ya bima. Nimebakiwa na nafasi moja tu, ya ghorofa ya tano. Nani mwenye haki nayo?"

Bi Zuhura akaja na mkongojo wake. "Ni mimi. Nyonga yangu ilivunjikia humu. Hidaya, mwanangu, hata hiyo kazi uliipata kwa jina langu. Mkininyang'anya kadi, nani atanitibu?"

Kibwana akasema, "Ni mimi. Nisingefungua mdomo, mngekuwa mnajificha mpaka leo. Nyinyi mlipata hata jina la kuitikia. Mimi nimepata kufukuzwa."

Hidaya akasema, "Shikamoo, Bi Zuhura. Maumivu yako yananigusa, na wewe Kibwana nakushukuru. Lakini sakafu ile nimeisugua mimi, miaka sita. Nataka nikiitwa Hidaya, niitike." Akakohoa, wakamsubiri amalize.

Mwenye jengo akafungua daftari jipya, akashika kalamu. Na nyinyi mnaonisikiliza, msinikodolee macho mimi! Mstari ni mmoja, na wote watatu wanamtazama. Je, aandikwe nani?