Magitaa Matatu na Shingo Iliyopinda

Wanakwaya, leo mnivumilie, maana habari yenyewe inawahusu. Na wewe unayechungulia simu, iweke mfukoni kwanza tusikilizane.

Kulikuwa na mpiga gitaa mmoja wa kwaya, baba wa makamo, na mkewe alikuwa mwanzilishi wa nyimbo. Mwanzilishi mnamjua: yeye anatoa sauti, wengine wanadakia. Sasa mama huyu sauti ilikuwa imeanza kumkimbia. Wimbo ukifika pale unaposhuka, inapotelea kooni, inabaki hewa tu. Na watu wa kanisani, si mnajijua? Wakaanza kunong'ona, "Mama kachoka, awaachie mabinti." Naye akasadiki! Alikuwa ameshaifua sare yake na kuipiga pasi, airudishe Jumapili. Akawa analia jikoni, mumewe anamsikia.

Wiki hiyohiyo gitaa la kwaya likavunjika shingo. Lilikuwa gitaa la zamani, shingo yake imepinda miaka mingi. Wanakwaya wakachanga, wakamwambia, "Baba, nenda mjini utuletee la bei ya kati. Lisiwe la kuchezea watoto, wala la kujionyesha." Akamwomba mkewe amsindikize, angalau atoke jikoni.

Dukani wakaonyeshwa magitaa matatu. La kwanza la Kijapani. Baba akazungusha vifungo vya nyuzi, akapiga, akakunja uso. "Hili linakwaruza." La pili lina jina la Kimarekani kichwani, ukichungulia tundu unakuta limetengenezwa Indonesia. Akazungusha, akapiga. "Hili limelala." La tatu la Kikorea, ubao unang'aa, shingo nyembamba inayoshikika. Akazungusha, akapiga. "Hili nalo limepooza kabisa!"

Muuzaji akasema kwa upole, "Mzee wangu, wapigaji wa mji mzima wananunua hayahaya."

"Basi mji mzima mmepigwa!"

Ehee, mnacheka. Subirini, zamu yenu inakuja.

Walikuwa wanageuka kutoka, ndipo mama akauliza, "Baba Tumsifu, mbona kila gitaa unalilegeza kwanza?"

"Ili lifanane na la kwetu. Sauti ya kwaya ndiyo ile."

"Na la kwetu ulililegeza kwa nini?"

"Shingo ilipinda, Mama Tumsifu. Ningekaza ingevunjika. Kila mwaka nalegeza kidogo, tena kidogo..."

Hapo akageuka, akarudi ndani. Akalichukua lile la Kikorea, akakaza nyuzi mpaka pale zinapotakiwa kuwa. Akapiga. Jamani, duka likajaa sauti! Akaanza wimbo uleule wa kila Jumapili, na mama kwa mazoea akadakia. Akafika pale wimbo unaposhuka, pale pa kumwaibisha, akapita. Sauti nzima, safi, haikukatika. Akaacha kuimba, akashika kifua.

"Kumbe haijaisha?"

"Haijaisha, mke wangu. Nyuzi zikilegea, wimbo mzima unashuka. Nilikuwa nakushusha mimi."

Akacheka, akalia, akamkumbatia mumewe mbele ya muuzaji bila kuona haya. Mnauliza walinunua lipi? Lolote kati ya yale matatu lingefaa! Yote yalikuwa mazima tangu asubuhi.

Sasa njooni kwetu sisi. Tumepita mahali pakatupinda. Mwingine ni msiba, mwingine ndoa iliyomtesa, mwingine kazi iliyomvunja moyo. Tukalegeza kidogo, tukatarajia kidogo, tukasali kidogo, ili tusivunjike. Sikulaumu kwa hilo, ndugu yangu, ilibidi. Lakini ile shingo iliyopinda si imeshaondoka? Mbona mkono wako bado unalegeza? Mungu anakupa mwenzi mpya, unamshusha alingane na yule aliyekuumiza. Anakupa kazi mpya, unaanza nayo ukiwa umeshachoka. Halafu unakuja kwangu ofisini: "Mchungaji, mbona baraka zangu zimepooza?" Zimepooza wapi? Umezilegeza wewe!

Na wewe mama, na wewe baba, uliyeambiwa umeisha ukakubali, nani alikupima? Walikupima kwa gitaa gani? Yule mama hakuongezewa sauti pale dukani, hata chembe. Ilikuwemo siku zote alizokuwa akilia. Mimi nikiwaza hilo napumua, nashukuru kweli, maana nawaona hapa wengi waliokwisha kujiandaa kukaa kando, na Mungu hajawaambia wakae.

Haya, tusimame. Mwanzilishi, anza wimbo pale unapostahili kuanzia. Leo hatushushi.