Memori ya Karani

Laptopu ya Tunu, karani wa chuo cha ushonaji, ilikuwa imezeeka. Ukiiwasha, unachemsha chai, unakunywa, ndipo inafunguka. Akaomba mpya.

“Iongezwe memori tu,” alisema Mkurugenzi Kibwana, ambaye yake ilikuwa mpya. “Itarudi ujanani.”

Fundi akaiongeza, akaondoka. Tunu hakulalamika. Aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, na mtu akikaribia, anaivuta kwake.

“Unaficha nini?” aliuliza Kibwana.

“Memori, bosi. Fundi alishangaa kusikia ni ya karani.”

“Inaishinda yangu?”

“Naogopa kukuvunjia heshima.”

Kibwana akaamuru wabadilishane hapohapo, kitambaa kikiwemo.

Kesho yake alimwita. “Tunu, mbona haifunguki?”

“Hufunguka, bosi,” alisema Tunu, akiweka birika mezani. “Kunywa chai kwanza.”