Kinanda Kilichoponywa

Wapendwa, palikuwa na mpiga kinanda katika usharika fulani, na ninyi wanakwaya msianze kutazamana, simsemi mtu.

Kinanda chake kilikuwa cha zamani, na uzuri wake wote ulikuwa kwenye chujio la sauti. Ukizungusha kitufe huku, sauti inazibika kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Ukizungusha kule, inafunguka mpaka madirisha yanatetemeka. Sasa kikaanza kuzimika katikati ya ibada. Wazee wa kanisa wakaamua kwamba ikifika Jumapili ya mavuno kiwe kimeshakwenda kwa wauza vyuma chakavu. Yule bwana roho ilimuuma kama anayezika ndugu. Akaomba aihamishie sauti ya kinanda kwenye kompyuta, kwa programu ya kuunganisha vipande vya sauti kwa nyaya zinazochorwa kwenye skrini.

Akapima, akalinganisha, akarekebisha. Na jamani, alikuwa fundi! Lakini lile chujio likizungushwa mpaka mwisho lilikuwa na tabia ya kukoroma na kukwaruza. Akasema hii ni kasoro, akaitoa.

Siku ya mazoezi sauti ikatoka safi kabisa. Hakuna mwanakwaya aliyekosea, na wimbo ukalala kama ugali wa jana. Mwalimu wa kwaya akauliza kulikoni, mbona watu wanaimba kama wako kwenye mtihani?

"Nimekiponya, mwalimu," akajibu kwa fahari. "Kasoro zote nimezitoa."

Mkewe, aliyekuwa akiimba sauti ya pili, akamwambia taratibu, "Baba Ombeni, pale kilipokuwa kinakoroma ndipo mimi nilipopata ujasiri. Kinanda kikikwaruza, hata mwenye sauti mbovu haogopi kufungua mdomo. Hiki chako kinanitia aibu."

Mnajua ladha ya kuambiwa ukweli na mkeo mbele za watu? Yule bwana akakiwasha kile cha zamani, akazungusha chujio mpaka mwisho, akasikiliza bila kutafuta kosa. Akaurudisha mkoromo wote kwenye kompyuta. Jumapili ya mavuno kina bibi walitoka kwenye mabenchi kwa vigelegele, na mzee mmoja wa kanisa, yule yule wa vyuma chakavu, alicheza mpaka kiatu kikamtoka. Ilikuwa furaha tupu!

Mnacheka. Na sisi je? Tumeambiwa tufanane na Bwana wetu. Tumechukua mamlaka yake na sauti yake ya kukemea. Na machozi yake kwenye kaburi la rafiki? Na ule uchovu wake pale kisimani? Hapo tumeona kasoro, tumeitoa. Ndiyo maana kila tukiulizwa habari tunajibu tumebarikiwa, na nyumbani kunawaka moto. Halafu anaingia mtu leo, mara yake ya kwanza, moyo umempasuka, anatutazama tulivyonyooka, anafunga mdomo. Hatukumfukuza, ndugu zangu. Tumemtia aibu tu.

Haya, tusimame tuimbe. Wenye sauti nzuri naomba mnyamaze ubeti wa kwanza. Aanze yule asiyejua kuimba. Mimi nitakuwa naye, na mnajua ninavyoimba.