Maji ya Nyumba Sita

Kulikuwa na mwalimu mmoja, wapendwa, mama wa mtoto mmoja, aliyefundisha darasa la tatu katika kijiji cha huko kwenye ukame, ambako mvua ikichelewa hata punda wanakonda. Mwaka huo pampu ya kisima ikafa. Watu wakarudi kuchimba mchanga korongoni, wanateka maji ya tope kikombe kwa kikombe.

Mwalimu huyu alikuwa na kaka yake, dereva wa lori. Alfajiri moja kaka akapita, akamshushia madumu ishirini na manne ya maji safi. Yule mama alipiga vigelegele, akamshukuru Mungu mpaka machozi yakamtoka.

Mumewe alikuwa ameshapiga hesabu. "Mama Sechelela, tupo wanne: mimi, wewe, mama yangu na mtoto. Kila mmoja madumu sita. Leo tutaoga kama watu!"

Wakacheka, wakafunga stoo, mwalimu akaenda kazini moyo mweupe.

Na somo la asubuhi hiyo lilikuwa nini? Kugawanya! Aliwapa watoto kokoto, akaandika ubaoni: ishirini na nne gawanya kwa nne. Wengi walichora maduara manne, wakatia kokoto mojamoja kama wanaogawia watu, kila duara likapata sita. Lakini binti mmoja alikuwa anachota nne, anaweka kando. Anachota nne nyingine, anaweka kando.

"Wewe, mbona mafungu yako mengi?" mwalimu akamuuliza.

"Nimetoa nne nne mpaka zikaisha, mwalimu. Nimepata sita."

"Sita nini?"

"Mafungu sita."

Darasa likacheka. "Msicheke," mwalimu akasema, "naye amepata. Kugawanya kuna maswali mawili. La kwanza: tukiwa wanne, kila mmoja atapata ngapi? La pili: tukimpa kila mmoja nne, zitafika kwa wangapi? Jibu ni sita kote kote. Ila sita ya kwanza ni kokoto, na sita ya pili ni watu."

Aliposema "watu", macho yakamwendea madawati yaliyokuwa matupu. Watoto wa majirani zake walikuwa korongoni. Mama wa mmoja wao alikuwa amejifungua juzi tu, na ilisemekana maziwa hayatoki kwa kiu. Je, ndugu yangu, hujawahi kufundisha jambo, likakugeukia wewe mwenyewe?

Mchana akarudi nyumbani. "Baba Sechelela, madumu manne yanatosha nyumba moja kunywa na kupika mpaka fundi aje?"

"Tukijibana, yanatosha. Kwani vipi?"

"Basi humo stoo mna maji ya nyumba sita."

Mume akamkodolea macho. "Na sisi je?"

"Sisi ni nyumba mojawapo."

"Na fundi asipokuja?"

"Tutaona kiu pamoja na wenzetu."

Yule baba akashika kiuno, akaguna. Kisha akainama, akanyanyua dumu la kwanza.

Walianzia kwa yule mama aliyejifungua juzi. Akanywa, akapumzika, akanywa tena, akapikiwa uji. Kabla jua halijatua maziwa yakatoka, mtoto wake mchanga akasikika akimeza. Bibi yake akainua mikono juu kumshukuru Mungu, wala hakugeuka kumwangalia aliyeleta. Mwalimu hakuona vibaya. Asubuhi maji yale yalishukuriwa na nyumba moja. Jioni yalishukuriwa na nyumba sita. Wiki ile ile fundi akaja, pampu ikafufuka, na katika nyumba zile hakuna aliyezikwa.

Sasa mnadhani nimewaletea mfano huu niwahimize kutoa? Hapana. Nimewaona mnavyotikisa vichwa, kila mtu amejiweka upande wa mwalimu. Wapendwa, mmekaa pabaya! Sisi ndio yule mtoto mchanga. Tuko hai kwa sababu siku fulani mtu mwenye haki ya kubaki na vyote aliuliza swali la pili. Nani alikunyonyesha mama yako alipokuwa mahututi? Nani alisogea kwenye mkeka wake ili nawe ulale? Hukumwona akifanya hesabu. Uliona fungu tu, ukadhani lilikuwa lako tangu mwanzo.

Aliye hai, mtafute leo hii umwambie asante. Aliyetangulia, tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Haya, tusimame, na kila mmoja amtaje wake kwa jina.